Sindano mbili au cherehani? Mjadala kwenye benchi la fundi

Kila anayeanza kushona ngozi kwa kupenda tu, si kwa kutafuta riziki, hufika mahali akauliza: nishike sindano au nitafute cherehani? Swali lenyewe dogo, lakini majibu yake huja na ukali usioelezeka mpaka uwasikilize wanaojibu. Nimewaketisha watatu kwenye benchi la fundi viatu, mjini Moshi, wabishane mbele ya msomaji. Ni watu wa kubuni. Hoja zao sikuzibuni. Utazisikia popote watu wanapokaa na ngozi magotini.

MWALIMU alifundisha fizikia sekondari, sasa amestaafu, anashona waleti na mikanda kwa mkono. MHASIBU ana kazi ya ofisini, watoto wawili, na cherehani nyeusi ya kukanyaga aliyoachiwa na bibi yake. Yeye hushona mikoba. FUNDI ndiye mwenye benchi. Mimi nimejipa kazi ya kuongoza, na nitaingilia nikitaka.

Shikamoo zikatolewa, chai ikamiminwa, Mwalimu akawahi.

MWALIMU: Mnisamehe, naanza na fizikia. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili. Wa juu unabaki juu, wa bobini unabaki chini, zinakutana katikati ya unene wa ngozi na kukamatana pale. Mmoja ukikatika, mwenzake hana cha kushika. Vuta kidogo, mshono unafumuka tundu baada ya tundu. Mshono wa sindano mbili ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha. Kila tundu linapitiwa mara mbili, kutoka kulia na kutoka kushoto. Kata pindi moja, zilizobaki zinashikiliwa na nusu ya pili ya uzi. Ndiyo maana watengeneza matandiko ya farasi walishona hivyo: mkanda ukiachia, mtu yuko mgongoni mwa mnyama anayekimbia. Hermès ya Paris ilianza mwaka 1837 kama karakana ya vifaa vya farasi, na mpaka leo mshono huo umo kwenye mikoba yake.

FUNDI: Mwalimu, hapa Moshi farasi yuko wapi?

MWALIMU: Ni mfano tu, fundi.

FUNDI: Sawa. Ila mimi vinavyoletwa hapa ni ngozi iliyochanika, au soli iliyoachia gundi. Zamani uzi ulikuwa unaoza. Huu wa nailoni wa siku hizi unaishi kuliko kiatu chenyewe. Natupa kiatu, mshono bado mzima.

MHASIBU: Mzee amenisaidia. Na hapohapo kwenye mshono, Mwalimu, nina neno. Wewe unasema mkono upande huu, cherehani upande ule. Mzee, hebu mwonyeshe unavyoshona soli.

Fundi hakusubiri kubembelezwa. Sindano yake ni chuma chembamba chenye mpini wa mbao, na karibu na ncha pana kikato kilichopinda, ndoano ndogo ya kunasia uzi. Anaichoma kutoka nje. Mkono wa kushoto umo ndani ya kiatu, hauonekani, umeshika uzi na kuutia kwenye ndoano kwa kupapasa tu. Sindano inarudi nje na kitanzi. Anapitisha ncha ya uzi wa nje ndani ya kitanzi, anavuta huku na huku mpaka makutano ya nyuzi yazame ndani ya soli, kisha anahamia tundu linalofuata. Wakati wote huo anakuangalia wewe, kiatu hakiangalii.

MHASIBU: Umeona? Uzi mmoja ndani, mwingine nje, zinakamatana katikati. Huo ni mshono wa cherehani, Mwalimu. Tofauti ni kwamba cherehani hii ina zaidi ya miaka 60 na inakunywa chai.

Hapa nampa Mhasibu ushindi, na sioni haya. Wengi wanaosifu kazi ya mkono hawajawahi kuinama wakatazama mkono wa fundi wa barabarani unafanya nini. Hoja ya Mwalimu juu ya nguvu ni ya kweli, na kwa hatamu ya farasi ingetosha kumaliza mjadala. Kwa waleti inayokaa mfukoni na kubeba kitambulisho na noti chache, haimalizi kitu.

MWALIMU: Nakubali, nguvu tuiache. Lakini sikuanza kushona kwa mkono kwa sababu ya nguvu. Nilianza kwa sababu nilitaka kuijua ngozi. Hebu mnisikilize jinsi kazi inavyokwenda. Unapima uzi mara nne ya urefu wa mshono, kwa sababu unapita kila tundu mara mbili na unene wa ngozi nao unakula sehemu yake. Unaupitisha kwenye nta ya nyuki mpaka ushikane na vinyweleo vyake vilale. Unachora mstari milimita 3 kutoka ukingoni. Unagonga uma wa meno juu ya mstari ule, tundu kila milimita 4, na penye unene unamalizia kwa maharazi. Unabana ngozi kati ya mbao mbili, mbao unazibana kwa mapaja. Mikono yote miwili sasa iko huru.

FUNDI: Mimi nabana kwa magoti tu.

MWALIMU: Sindano ya kushoto inatangulia. Ya kulia inafuata kwenye tundu lilelile, nyuma ya uzi uliokwisha kupita, na siku zote nyuma, hata mara moja usiilete mbele. Ukibadilisha mpangilio, pindi moja inalala kinyume na wenzake na jicho linaiona tokea mlangoni. Halafu kuna mtego mwingine: sindano ya pili ikichoma uzi wa kwanza, nyuzi zimefungana, hukazi tena. Kwa hiyo wakati ya pili inaingia, ule wa kwanza unauvuta nyuma kidogo, ukiusikia unateleza, ndipo unaisukuma. Kisha unavuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Mwisho unarudi nyuma matundu mawili matatu, unakata, na kama uzi ni wa nailoni unaugusa kwa kiberiti cha gesi.

MHASIBU: Na ngozi umeijuaje hapo?

MWALIMU: Kwa vidole. Ngozi ya tumbo la ng'ombe inatanuka ukivuta, mshono unajikunja. Ya mgongo inagoma, inakaa ulivyoiweka. Unafika mahali unajua kipande hiki kilitoka wapi kwenye mnyama kabla hujakigeuza. Ndipo unaacha kukata mkanda kwenye tumbo. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno nikaelewa. Nilielewa nilipovuta uzi.

FUNDI: Hilo kweli. Vijana ninaokaa nao hapa nawaambia kila siku mkanda unakatwa kwa kufuata mgongo. Wanasikia. Wakienda peke yao wanakata popote palipobaki.

MHASIBU: Mwalimu, waleti moja inakuchukua muda gani?

MWALIMU: Jioni tatu. Nne nikiwa sina haraka.

MHASIBU: Jioni zako. Jioni yako inaanza saa kumi, ukitoka kulala mchana. Yangu inaanza saa nne usiku, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri niko macho tena. Katikati hapo nina nusu saa, siku nyingine sina. Kwa mkono, mkoba mmoja wenye mfuko wa ndani na mikono miwili ungenifikisha Krismasi, ningekuwa nimeuchukia tangu Pasaka. Cherehani inanipa mshono mrefu ndani ya hiyo nusu saa na nalala nikiwa nimemaliza kitu. Watu mnaosema burudani haina haraka, mara nyingi ni watu ambao kuna mtu anawapikia.

Mwalimu alinyamaza. Fundi akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba mke wa Mwalimu angeulizwa naye angekuwa na la kusema.

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa kwenye benchi lile, na ndiyo inayokosekana katika maelekezo mengi ya wanaoanza. Huambiwa kwamba mwenye kushona kwa kujifurahisha ana kitu kimoja ambacho fundi hana, yaani wakati, basi autumie kwa mkono. Kununua mashine ni kununua tena wakati ambao hakuhitaji kuubana. Hesabu hiyo ni sahihi kwa Mwalimu. Imesahau tu kwamba wakati wa kupumzika haugawanywi sawa nyumbani. Mwenye saa tano za mapumziko na mwenye dakika 30 hawafanyi burudani moja, hata kama wote wanaiita hobi.

Hata hivyo sikutaka Mhasibu apite kirahisi. Nikamwambia aseme ukweli juu ya ile cherehani ya bibi.

MHASIBU: Ukweli ni kwamba imetengenezwa kwa nguo. Ngozi ikiwa nyembamba, matabaka mawili ya milimita moja moja, inakwenda, kwa sababu hizi nyeusi za zamani ni chuma kitupu. Zaidi ya hapo unaitesa. Sindano lazima iwe ya ngozi. Ncha yake ina makali, inakata. Ya nguo ncha yake ni ya mviringo, inahangaika kusukuma, inapinda, mshono unaruka. Mguu wa kubana unanata juu ya ngozi, basi naweka karatasi nyembamba juu, nashona pamoja nayo, kisha naichana. Yale meno ya chini yanayosukuma yanaacha makovu upande wa chini, kwa hiyo upande mzuri hauangalii chini. Na meno hayo yanasukuma tabaka la chini tu. La juu linachelewa. Mwisho wa mshono kipande kimoja kimezidi kingine, na ulivikata sawa.

FUNDI: Gundi.

MHASIBU: Ndiyo, nagundisha kwanza, kisha nashona. Na dirisha wazi, maana gundi ya viatu inaumiza kichwa. Viwandani wana mashine ambazo mguu wa juu unatembea, sindano nayo inasogea ikiwa ndani ya ngozi, matabaka yote yanakwenda pamoja. Mimi sina. Penye kona nazungusha gurudumu kwa mkono, pindi moja moja. Na hatua ya mshono lazima iwe ndefu, milimita 3 na nusu mpaka 4. Mwanzoni niliacha hatua ya kitenge. Ngozi ikatobolewa kama ukingo wa stempu, nikavuta mkono wa mkoba, ikachanika juu ya mstari kwa unyoofu kabisa.

MWALIMU: Umeona sasa! Kitambaa ukikosea unafumua, nyuzi zinajirudi. Tundu la ngozi halizibiki. Ulihitaji kuijua ngozi kabla ya kukanyaga.

MHASIBU: Nimeijua kwa kukanyaga. Niliharibu mabaki kutoka kikapu cha mzee hapa, kipande baada ya kipande. Wewe unajifunza kwa kuvuta uzi, mimi kwa kuharibu. Tumefika palepale.

Karibu palepale. Ada ya shule ya cherehani ni kubwa zaidi, kwa sababu kosa linatokea kwa kasi. Kwa sindano mbili ukitoka nje ya mstari umetoka kwa tundu moja na unaliona. Kwa mashine yenye mota ya kawaida, mguu ukizidi kidogo, umeshona nje ya mstari kabla jicho halijamwambia mguu. Cherehani ya kukanyaga, au ya mkono, au mota za siku hizi zinazokubali kwenda taratibu, hupunguza hatari hiyo. Ndiyo maana kama mtu ananiuliza na tayari ana cherehani ya bibi ndani, simwambii aende kununua uma na kibanio. Namwambia atafute sindano ya ngozi na mabaki.

Kisha nikamgeukia Fundi. Yeye angechagua nini?

FUNDI: Mnaniuliza kana kwamba niliwahi kuchagua. Nashona kwa mkono kwa sababu mashine ya viatu ni pesa. Ipo ile yenye mkono mrefu mwembamba unaoingia mpaka ndani ya kiatu, mguu wake unazunguka pande zote, kiatu kinakaa, mshono unageuka wenyewe. Mkinipa leo naichukua leo. Sehemu ya juu ya kiatu nitashona kwa mashine, soli nitabaki na ndoano yangu, maana mashine ya soli ni nyingine tena.

MWALIMU: Yaani ungeacha?

FUNDI: Mwalimu, mabega yangu yanauma. Wewe ukichoka unaweka chini unaingia ndani kuangalia taarifa ya habari. Mimi nikichoka mteja bado amesimama na soksi.

Nilimwona Mwalimu akijaribu kuficha kwamba ameumia. Amezoea kumtaja Fundi kama shahidi wa mkono, na shahidi amegeuka. Nadhani hili huwapata wapenda ufundi wengi: tunaheshimu kwa mwingine ugumu ambao yeye angeuacha kesho akipewa nafasi.

MHASIBU: Na mashine nazo, mzee, zilibuniwa na watu wa benchi. Elias Howe alipata hataza ya mashine ya kushona mwaka 1846, Isaac Singer akaja na yake mwaka 1851, ndiyo jina lililoandikwa kwa dhahabu kwenye cherehani ya bibi. Lakini ninayempenda mimi ni wa viatu. Anaitwa Jan Ernst Matzeliger. Alizaliwa Suriname mwaka 1852, mama yake mweusi, baba yake Mholanzi. Akaenda Marekani, akafika Lynn, Massachusetts, mji wa viatu, akapata kazi kiwandani. Wakati ule mashine zilikuwa zinashona kila kitu isipokuwa jambo moja: kuiwamba ngozi ya juu kwenye kalibu na kuiunganisha na soli. Hilo lilifanywa kwa mkono, na mwambaji mwepesi alitoa kama jozi 50 kwa siku nzima. Matzeliger alikaa usiku baada ya zamu, na mbao na waya, akabuni mashine. Alipata hataza mwaka 1883. Ikafikisha jozi mamia kwa siku, viatu vikashuka bei.

FUNDI: Akatajirika?

MHASIBU: Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1889, na miaka 36.

FUNDI: Na wale wawambaji?

MHASIBU: Walikuwa ndio wenye mshahara mzuri pale Lynn, na walikuwa wanawatikisa wenye viwanda. Baada ya mashine nguvu hiyo iliisha.

FUNDI: Basi Mungu amrehemu, lakini hakuwa rafiki yangu.

Hapo palikuwa na kicheko, kisha kukawa na kimya cha kunywa chai, na mimi nikatumia nafasi hiyo kusema jambo ambalo wote watatu wanalijua na hakuna aliyelitaja: mara nyingi ngozi ndiyo inayoamua.

Ngozi iliyosindikwa kwa kromu ni laini, inakunjika, inakubali kugeuzwa ndani nje baada ya kushonwa. Hiyo ni ngozi ya mikoba na ya sehemu za juu za viatu, na cherehani inaifurahia. Ukingo wake haung'ariki hata uusugue vipi. Ni lazima uukunje au uupake rangi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ni ngumu, ukiilowesha kidogo inakubali alama ya mhuri, na ukingo wake ukiusugua kwa maji na kijiti laini unabana na kung'aa. Hiyo ni ya mikanda, ala za visu na waleti za Mwalimu. Cherehani ya nguo inaikimbia. Kromu humaliza kazi kwa siku chache. Magome hutaka majuma, wakati mwingine miezi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa duniani ni ya kromu. Magome yenyewe tunayo karibu: Njombe wamekuwa wakipanda miwati, mti uliotoka Australia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na kukamua dawa ya kusindikia ngozi. Lakini anayeanza hachagui kwa nadharia. Anakwenda sokoni, Kariokor kama yuko Nairobi, au kwa fundi wa mtaani kwake, anauziwa kwa futi ya mraba kile kilichopo. Akirudi na ngozi laini ya milimita moja, swali la sindano au cherehani limejijibu. Akirudi na kipande cha mgongo cha milimita 4, nalo limejijibu. Ushauri wangu ni kupima unene kabla ya kununua vifaa: milimita 3 mpaka 4 kwa mkanda, moja mpaka moja na nusu kwa waleti. Anayetaka elimu yenyewe, kutoka chumvi ya ngozi mbichi mpaka kiatu dukani, Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha teknolojia ya ngozi. Hiyo si burudani tena.

FUNDI: Sasa niulize mimi. Mwanangu, hiyo mikoba unaiuza?

MHASIBU: Wenzangu ofisini wananiomba.

FUNDI: Bei gani?

MHASIBU: Nachukua ngozi, uzi, zipu, bitana, naweka kidogo juu.

FUNDI: Kidogo cha nini?

MHASIBU: Cha... soda, tuseme.

FUNDI: Na mkono wako?

MHASIBU: Mzee, mkono wangu ni starehe. Nikiutoza wataona nimekuwa mfanyabiashara.

FUNDI: Mkono wangu mimi ni ada ya shule. Mtu anakuja hapa, anashika mkoba, anasema mbona kuna dada mmoja wa ofisini anauza nusu ya bei hii na wake una zipu ndani. Nimjibu nini? Nimwambie yule ana mshahara kwingine? Wewe ni mhasibu. Kule ofisini ungekubali kitabu cha hesabu kisichoonyesha mishahara?

MHASIBU: Nisingekubali.

FUNDI: Basi kitabu cha mikoba umekiandikaje?

Sijawahi kuona mtu akibanwa kwa taaluma yake mwenyewe kwa upole kiasi kile. Na ndipo nilipoelewa kwamba ukali wa swali la sindano na cherehani hautoki kwenye mshono. Unatoka kwenye wakati, na nani analipwa kwa wakati wake. Mpenda kazi ana haki ya kutumia saa zake apendavyo: azitawanye kwa sindano mbili kama Mwalimu, azibane kwa cherehani kama Mhasibu. Saa hizo hazimgharimu mtu mwingine, mpaka kitu kitakapotoka nyumbani kwake na kuingia sokoni. Hapo saa za bure zinakuwa bei, na bei hiyo inamkuta mtu ambaye hana saa za bure. Cherehani inaongeza hatari kwa sababu moja tu: inatoa mikoba mingi zaidi kwa mwezi. Kwa hiyo kama ni lazima nichague upande, nasema hivi. Shona kwa chochote ulicho nacho na kwa muda ulio nao, lakini siku ya kuuza, uliza bei ya fundi wa mtaani kwako kwanza na usishuke chini yake.

MHASIBU: Nikiuza kwa bei ya mzee hawatanunua kwangu.

FUNDI: Wasiponunua kwako watanunua wapi?

MHASIBU: (anacheka) Kwako.

FUNDI: Mimi nitakuletea zipu za kuweka. Mkono wangu hauwezi zipu vizuri, wa cherehani unaweza. Tutagawana.

MWALIMU: Ndiyo maana mimi siuzi kabisa. Nagawa. Nani atanilaumu?

FUNDI: Mimi. Huyu anauza kwa bei ndogo, wewe unauza kwa sifuri.

MWALIMU: Zawadi, fundi! Ni familia.

FUNDI: Familia yako kubwa, Mwalimu. Shemeji yako alikuwa ananunua mkanda hapa kila mwaka akija likizo. Mwaka huu kapita na wa kwako kiunoni, kanisalimia vizuri, kaenda zake.

MWALIMU: Sasa nishone nini? Nimejishonea mitano tayari.

FUNDI: Njoo ushone hapa. Nina oda ya mikanda ya kiume, ngozi ya mgongo, minene, cherehani ya mama huyu haiwezi. Kaa kwenye benchi, tumia sindano zako mbili, nikulipe.

MWALIMU: Unalipa vipi?

FUNDI: Kwa mkanda, Mwalimu. Kwa jioni silipi.

Mwalimu alitoa kalamu mfukoni, akageuza bahasha, akaanza kugawanya jioni tatu kwa mkanda mmoja. Mhasibu akamwomba ampe bahasha, kwa sababu alikuwa ameanza kukosea.